Usukani Uliomo Ndani ya Chipu

Kijiji cha Kagunga kiko kandokando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mbele yake ni maji, na nyuma yake ni milima yenye miteremko mikali. Mnamo Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika ufuko huo mwembamba, maji safi yakawa haba, na kipindupindu kikazuka. Barabara ya kuingia kijijini haikuwapo. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ililazimika kutia nanga mbali na nchi kavu kwa kuwa gati halikuwapo, na watu wakapelekwa melini kwa maboti madogo kabla ya kusafirishwa hadi Kigoma. Kijana asomaye habari hizo leo hakosi kuuliza: je, droni zisingaliweza kupeleka dawa?

Swali hilo ni zuri, lakini jibu lake huharibiwa na watu wa namna mbili. Wako wanaodhani kwamba kila kitu chenye mapanga manne kinaweza kuvuka ziwa na kurudi, ilimradi kinunuliwe. Na wako wanaoiona droni kuwa mchezo wa watoto wa wenye fedha, usiostahili kuingia katika maabara ya shule ya sekondari. Makundi yote mawili yanakitazama chombo kwa nje. Elimu iliyomo ndani yake, ambayo kwa hakika ndiyo yenye thamani kwa shule zetu, haionekani mpaka kifuniko kifunguliwe.

Kwanza yafaa kulimaliza lile la dawa. Kutoka Kigoma mjini hadi Kagunga ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Droni ndogo ya kujiundia, yenye mota nne na betri ya lithiamu, hukaa hewani dakika chache tu, na hata zile za kupigia picha aghalabu hukaa nusu saa hivi. Kisa chake ni cha fizikia. Chombo kisicho na mabawa hujibeba kwa kusukuma hewa chini kila nukta, na nishati yake huisha hata kikisimama mahali pamoja. Chombo chenye mabawa hubebwa na mabawa yake madhali kinakwenda mbele. Ndiyo maana mwaka 2018, dawa zilipopelekwa kwa majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, hazikubebwa na droni ya mota nne. Kilichotumika ni chombo cha kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani, ambacho hupaa wima kwa mapanga, kisha huzielekeza mota zake mbele na kuruka kwa mabawa. Kilikwenda kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Mradi huo, ulioendeshwa na kampuni hiyo pamoja na DHL na shirika la GIZ, ulikuwa wa majaribio, na majaribio huwa na mwisho.

Basi droni ndogo haitaiokoa Kagunga. Faida yake iko kwingine. Hapana kifaa kingine cha bei ya wastani kinachomwonyesha mwanafunzi, kwa macho na kwa masikio, jinsi mashine inavyojiongoza. Droni ya mota nne haina utulivu wa kuzaliwa nao. Ndege ya karatasi ikisukumwa na upepo hujirudisha yenyewe kwa umbo lake. Droni ikisukumwa hupinduka. Inasimama hewani kwa sababu moja tu: ndani yake mna kihisi kiitwacho jairoskopu, kinachopima kasi ya kuzunguka, na chipu inayosoma kipimo hicho na kuamuru kila mota iongeze au ipunguze mwendo. Katika droni za leo kazi hiyo hufanywa hadi mara 8,000 kwa sekunde. Maagizo ambayo chipu huyafuata huitwa femwea, yaani programu iliyotiwa ndani ya kifaa chenyewe na kukaa humo hata umeme ukizimwa.

Historia ya femwea hizo inapaswa kumtia moyo mwalimu asiye na maabara kubwa. Mnamo mwaka 2010 hivi, Mfaransa Alexandre Dubus alianzisha programu ya MultiWii akitumia vihisi vilivyotolewa katika kifaa cha mchezo wa watoto, Nintendo Wii, na bao dogo la Arduino. Maandishi yake aliyaacha wazi kwa kila mtu. Wengine wakayachukua na kuyaendeleza, zikatokea Baseflight, kisha Cleanflight, na mwaka 2015 Betaflight, ambayo leo imo katika droni nyingi za wapenzi wa sanaa hii. Nasaba nyingine ni ya ArduPilot, inayoongoza hata ndege zenye mabawa, maboti na magari. Maandishi ya hizi mbili yako wazi hadi leo. Mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye kompyuta anaweza kuyasoma mstari kwa mstari, pasipo kuomba ruhusa ya mtu.

Ndani ya maandishi hayo, moyo wa kazi ni hesabu moja yenye namba tatu, ambazo mafundi huzitaja kwa herufi P, I na D. Asili yake haiko angani hata kidogo. Iko katika usukani wa meli. Katika miaka ya 1910 Mmarekani Elmer Sperry alitengeneza mtambo wa kuongoza meli bila mkono wa mtu. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi aliyezaliwa Urusi na kuhamia Marekani, alichapisha nadharia ya jambo hilo, na mtambo wake ukajaribiwa katika manowari iitwayo New Mexico. Minorsky alianza kwa kuwatazama washika usukani wazoefu. Aliona kwamba hawasahihishi kosa la sasa peke yake, bali huzingatia pia jinsi kosa linavyokua au kupungua, na jinsi lilivyodumu.

Mtoto wa Kagunga hahitaji manowari ili kulielewa hilo. Na amtazame nahodha wa boti la mbao liendalo Kigoma na shehena ya migebuka na abiria. Pua ya boti ikikengeuka kidogo, nahodha husogeza usukani kidogo. Ikikengeuka sana, huusogeza sana. Hiyo ndiyo P: sahihisho linalolingana na kosa. Lakini nahodha mgeni afanyaye hivyo tu hupita njia yake, akarudi upande wa pili, akapita tena, na boti likaenda likipindapinda kama nyoka. Mzoefu huanza kuulegeza usukani kabla pua haijafika, kwa kuwa anaona jinsi inavyorudi kwa kasi. Hiyo ni D, inayotazama kasi ya badiliko la kosa na kulizuia lisipite kiasi. Tena, upepo wa kusi ukilisukuma boti ubavuni kwa saa nzima, kosa dogo hubaki daima. Nahodha hatimaye huushikilia usukani upande mmoja kidogo, moja kwa moja. Hiyo ni I, inayolimbikiza kosa dogo lisiloondoka hadi lipate dawa yake.

Kurekebisha droni, basi, ni kuchagua namba hizo tatu kwa kila mhimili: wa kulalia ubavu, wa kuinamisha pua na wa kuzunguka mahali pamoja. Hapo ndipo watu wengi hukwama, au husema hapana haja, kwa sababu femwea huja na namba zake tayari. Ni kweli kwamba namba hizo zilizotangulia zinatosha kukirusha chombo. Hata hivyo zilichaguliwa kwa umbo fulani, kwa mapanga fulani, na katika hewa fulani.

Na hewa ya Ziwa Tanganyika si hewa ya vitabuni. Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 za Selsiasi, meta moja ya ujazo ya hewa ya hapo ina tungamo la kama kilo 1.07; hewa ya kipimo, ya usawa wa bahari na nyuzi 15, ina kilo 1.225. Tofauti ni kama asilimia 13. Kani ya panga hufuata tungamo hilo la hewa na mraba wa mzunguko wake. Kwa hiyo, ili droni ileile isimame hewani huko Kagunga, mapanga yake hayana budi kuzunguka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 7 hivi. Mwanafunzi na aikokotoe hesabu hiyo mwenyewe. Ni kipeuo cha pili tu. Matokeo yake ni kwamba betri huisha mapema, mota hupata joto zaidi, na kila ongezeko dogo la mzunguko huzaa kani pungufu kuliko ilivyotazamiwa na aliyechagua namba. Juu ya hayo kuna upepo. Mchana milima hupata joto na hewa huvutwa kutoka ziwani kuelekea juu. Usiku mambo hugeuka. Mahali penye mteremko mkali namna ile, upepo hauji kwa mkondo mmoja. Huja kwa vishindo. I iliyotosha katika uwanja tulivu haitatosha hapo.

Kati ya namba tatu, D ndiyo inayofundisha zaidi, na pia ndiyo inayounguza mota. Panga lizungukalo mara 20,000 kwa dakika hutetemesha fremu kama mara 333 kwa sekunde. Jairoskopu haijui kutofautisha mtetemo huo na mwendo halisi wa chombo, ambao hauzidi mara chache kwa sekunde. Sasa, D hupima kasi ya badiliko, na kasi ya badiliko la wimbi hukua pamoja na masafa yake: wimbi la mizunguko 300 kwa sekunde litakuzwa mara 30 kuliko wimbi la mizunguko 10 lenye ukubwa uleule. Hivyo kelele ndogo isiyo na maana hugeuka kuwa amri kubwa, mota zikaamriwa kuharakisha na kupunguza mamia ya mara kwa sekunde, zikawaka moto pasipo kazi yoyote ya maana. Dawa yake ni vichujio vya hesabu vinavyozuia masafa ya juu. Lakini kila kichujio huchelewesha habari, na habari iliyochelewa humfanya mshika usukani asahihishe kosa lililokwisha kupita. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuonyesha kwamba katika uhandisi hakuna faida isiyolipiwa, huu hapa, na unasikika kwa masikio: droni yenye D iliyozidi hulia kwa sauti nyembamba.

Hapo ndipo inapofaa kulizungumza jambo la kuhuisha femwea, kwa maana juu yake kumeota imani potofu. Vijana wengi huamini kwamba toleo jipya daima ni bora, na kwamba asiyelitia amebaki nyuma. Ukweli ni kwamba toleo jipya huwa limesahihisha makosa na pengine limeleta vichujio bora. Lakini pia huenda likabadili maana ya namba za zamani. P ya 45 katika toleo la jana si lazima iwe sawa na P ya 45 katika toleo la leo. Anayenakili namba zake zote za kale na kuzibandika katika femwea mpya amekitia chombo maagizo ya lugha mbili. Isitoshe, kila bao lina jina lake, na femwea ya bao jingine, ikikubali kuingia, huenda ikaiamuru mota ya mbele kushoto ilhali chipu inadhani inaiamuru ya nyuma kulia. Chombo cha namna hiyo hupinduka mara kinapowashwa.

Kwa sababu hiyo kazi hiyo ina adabu zake, nazo ni zilezile za maabara yoyote. Mapanga hung'olewa yote kabla waya wa kompyuta haujachomekwa; panga la inchi tano hukata kidole bila shida. Jina la bao huandikwa daftarini kama lilivyosomwa. Namba zote za zamani huhifadhiwa katika faili, hata kama haitarajiwi kuzirudisha, ili kuwe na cha kulinganisha. Femwea ikishaingia, chombo huwekwa juu ya meza iliyo sawa na kihisi cha mchapuko kusawazishwa. Kisha mota hujaribiwa moja moja kuona mahali pake na upande izungukiako, na swichi ya redio huzimwa makusudi kuhakikisha kwamba mawasiliano yakikatika mota husimama. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Na kama chombo kinaruka vizuri na kesho kina kazi ya kupiga picha juu ya maji, usiku wa leo si wakati wa kukitia femwea mpya. Kinachotumbukia katika Tanganyika, ziwa lenye kina cha meta 1,470 mahali pake pa chini kabisa, hakirudi.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni ndoto kwa shule isiyo na hata mizani nzima. Pingamizi hilo lina uzito, na lina ndugu yake wa kisheria. Kurusha droni nchini Tanzania huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika hifadhi kama Gombe huhitaji ruhusa maalumu. Na kijiji kilicho mpakani, ambako wakimbizi na majeshi yote mawili ya jirani yamepita au yanatazama, si mahali pa kurusha kitu kisichojulikana. Mwalimu yeyote anayewaruhusu wanafunzi kurusha huko kwa kubahatisha anastahili lawama.

Lakini kurekebisha si lazima kurusha. Ufito mmoja wa mbao unaoning'inia katikati juu ya msumari, mota mbili ndogo katika ncha zake, jairoskopu ya bei nafuu na bao la Arduino: hiyo tayari ni droni ya mhimili mmoja, iliyofungwa mezani, isiyohitaji kibali cha mtu. Wanafunzi waandike wenyewe hesabu ya P, I na D. Haizidi mistari kumi na mitano. Kisha wafuate njia ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, ambayo bado haijachakaa. I na D huwekwa sifuri. P huongezwa kidogo kidogo hadi ufito ubembee bila kutulia wala kuzidi. Ikiwa jambo hilo limetokea P ilipofika 8, na bembea moja ikachukua nusu sekunde, basi P ya kufanyia kazi ni sita ya kumi ya 8, yaani 4.8, muda wa I ni nusu ya bembea, sekunde 0.25, na muda wa D ni thumni yake, sekunde 0.0625. Namba hizo aghalabu huwa kali mno, na ufito utapita kiasi kabla ya kutulia. Vyema. Wanafunzi wazipunguze moja moja, wachore grafu ya kila jaribio, na wabishane juu ya grafu. Somo la bembea ya pendulamu, ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani, hapo hupata kazi ya kufanya.

Haipasi kudharau upande wa pili wa hoja. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake vyote kwa droni zenye mabawa za aina ya eBee, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki katika kuzirusha. Vyombo hivyo vilifungwa na mtengenezaji wake wa Uswisi, na hakuna aliyehitaji kugusa namba za ndani. Kwa kazi ile ilikuwa sawa kabisa. Mpima ardhi anataka ramani, wala hataki kujifunza nadharia ya usukani. Chombo cha kazi na chombo cha kujifunzia ni vitu viwili. Kosa ni kununua kile cha kwanza kwa fedha za shule, kukirusha siku ya mahafali mbele ya wazazi, kisha kukifungia kabatini betri inapovimba. Shule yenye fedha ya droni moja ya kupigia picha inaweza kupata fito kadhaa za mezani kwa fedha hiyohiyo, na kila kundi la wanafunzi likawa na wake wa kuharibu na kuutengeneza.

Swali linalobaki ni la mwalimu zaidi kuliko la mwanafunzi. Walimu wengi wa fizikia walio madarasani leo hawakufundishwa nadharia ya udhibiti chuoni, na muhtasari wa masomo haiulizi. Ingefaa vyuo vya ualimu viweke ufito huo mmoja katika maabara zao, na wahadhiri wa uhandisi wapelekwe huko kwa wiki mbili wakati wa likizo badala ya kuwangoja walimu wafunge safari kwenda Dar es Salaam. Kigoma ina nahodha wa kutosha wa kutoa mfano. Kinachokosekana mezani ni mota mbili na msumari.